Shina Moja, Viambishi Viwili: Nafsi, Uume na Uke katika Tamthilia za Mwamko wa Ulaya

1. Utangulizi

Majina ya Kibukusu yanayofuata majira huundwa kwa shina moja na viambishi viwili. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Wafula akiwa wa kiume, na Nafula akiwa wa kike. Aliyezaliwa wakati wa mavuno ni Wekesa au Nekesa. Aliyezaliwa wakati wa njaa ni Wanjala au Nanjala. Kwa Wanandi, ambao baadhi yao wamefanya makazi kandokando ya Kitale, kazi kama hiyo hufanywa na Kip- na Chep-: aliyezaliwa alfajiri ni Kipkoech au Chepkoech. Jambo lililompata mtoto, yaani mvua, njaa au alfajiri, ni lile lile. Kinachobadilika ni silabi moja ya mwanzo.

Mpangilio huu wa majina unafaa kuwa mlango wa kuingilia katika suala ambalo kwa kawaida huonekana kuwa mbali sana na Bungoma na Kitale, nalo ni namna tamthilia za Mwamko wa Ulaya, hasa zile za Uingereza za miaka ya 1580 hadi 1640, zilivyouelewa uume, uke na mapenzi kama mambo ya nafsi. Umbali huo ni wa kudhaniwa tu. Tamthilia nne za William Shakespeare zilikwisha kuingia katika Kiswahili kabla ya mwaka 1970. Julius Nyerere alifasiri Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969, mwaka ule ule ilipotoka tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi. S. S. Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Kwa hiyo mwalimu wa fasihi aliyeko Bungoma au Kitale anaweza kuyakabili masuala haya kwa lugha anayofundishia.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba elimunafsi iliyomo katika tamthilia hizi si ile ya Sigmund Freud, ambayo wahakiki wengi wa karne ya 20 waliitumia kuzisomea, bali ni elimu ya mwili: ya joto, maji, damu na nyongo. Pili, kwamba msomaji wa Kiswahili katika sehemu hizi ana nyenzo za kuielewa elimu hiyo, katika lugha yake na katika desturi za jirani zake, mradi asizichanganye bila kupima. Mifano itakayojadiliwa yote, isipokuwa michache ya kulinganishia, imechukuliwa katika tamthilia zilizokwisha kufasiriwa.

2. Elimunafsi ya zama zile

Waandishi wa Uingereza wa wakati wa Shakespeare walirithi mafundisho ya Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2. Kwa mafundisho hayo, mwili una maji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kila maji yana sifa zake za joto au baridi, za unyevu au ukavu. Tabia ya mtu hutokana na mchanganyiko wa maji hayo. Mwenye kuzidiwa na nyongo nyeusi huwa na majonzi na mawazo mengi. Mwenye kuzidiwa na nyongo ya manjano huwa mwepesi wa hasira. Timothy Bright aliandika kitabu kizima kuhusu majonzi ya namna hiyo mwaka 1586, na Robert Burton akaandika kingine kikubwa zaidi mwaka 1621. Wasomi hawa hawakuitenga nafsi na mwili kama ilivyozoeleka baadaye. Huzuni kwao ilikuwa hali ya moyo na pia kitu chenye uzito kinachotembea katika mishipa.

Uume na uke vilielezwa kwa kipimo hicho hicho. Mwanamume alidhaniwa kuwa na joto na ukavu zaidi, mwanamke kuwa na baridi na unyevu zaidi. Juan Huarte, tabibu wa Uhispania, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1575, kilichofasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1594, kwamba viungo vya uzazi vya mwanamume na mwanamke ni vile vile. Kwamba joto limevisukuma nje kwa mmoja, na baridi imevizuia ndani kwa mwingine. Hapa ndipo Wafula na Nafula wanapokuwa mfano mwafaka. Kwa nadharia hii, mwanadamu ni shina moja, na joto au baridi ni kiambishi. Michel de Montaigne, katika insha zake zilizoanza kuchapwa mwaka 1580, alisimulia habari za msichana wa Ufaransa ambaye inasemekana aliruka kwa nguvu, na viungo vya kiume vikajitokeza. Kisa hicho hatuhitaji kukiamini. Inatosha kuona kwamba watu wenye elimu walikisimulia kama jambo linaloweza kutokea.

Thomas Laqueur, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alidai kwamba nadharia hii ya mwili mmoja ndiyo iliyotawala Ulaya hadi karne ya 18. Dai hilo limepingwa kwa hoja nzito. Helen King, mwaka 2013, alionyesha kwamba tangu zamani walikuwako pia matabibu walioshikilia kuwa mwili wa mwanamke ni tofauti kabisa na wa mwanamume. Inafaa basi kusema kwamba nadharia ya shina moja ilikuwa mojawapo ya nadharia zilizoshindana, na kwamba jukwaa la London liliipenda kwa sababu lilikuwa na haja nayo. Katika jukwaa hilo la kulipwa, hadi mwaka 1660, wahusika wa kike waliigizwa na wavulana na vijana wachanga. Kila Portia, kila Juliet na kila Cleopatra alikuwa Wafula aliyebadilishiwa kiambishi.

Elimu hii si ngeni Afrika ya Mashariki. Mafundisho ya Galen yaliyofika London kwa Kilatini yalipitia pia kwa Waarabu na Waajemi, miongoni mwao Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, yakafika pwani ya Waswahili kama sehemu ya utabibu wa Kiyunani. Mpaka leo watu wa pwani hutofautisha vyakula vya moto na vya baridi, na huzungumza juu ya mwili uliotoka katika mizani yake. Lugha nayo imehifadhi mengi. Jambo lililoharibika husemwa kuwa limetumbukia nyongo. Mpenzi wa ndani kabisa huitwa nyonga mkalia ini. Ini lilikuwa makao ya mapenzi kwa Shakespeare vile vile. Mwanafunzi wa Bungoma anayejua misemo hii ameshika ufunguo ambao msomaji wa Kiingereza cha leo hana budi kuutafuta katika maelezo ya chini ya ukurasa.

3. Freud na waliomfuata

Uhakiki wa kisaikolojia wa karne ya 20 ulianza mahali pengine. Katika kitabu chake cha ufasiri wa ndoto, kilichotoka na tarehe ya mwaka 1900, Freud alidai kwamba Hamlet anasita kumuua ami yake kwa sababu ami huyo ametenda yale ambayo Hamlet mwenyewe aliyatamani alipokuwa mtoto: kumwondoa baba na kumpata mama. Ernest Jones aliipanua hoja hiyo, akaikamilisha katika kitabu cha mwaka 1949. Mwaka 1913 Freud aliandika juu ya visanduku vitatu vya Mabepari wa Venisi, akavilinganisha na mabinti watatu wa Mfalme Lear. Mwaka 1916 alimjadili mke wa Macbeth, akaona kuwa kuanguka kwake baada ya kufaulu kunahusiana na utasa.

Waliofuata walirekebisha mengi. Coppélia Kahn, mwaka 1981, na Janet Adelman, mwaka 1992, walihamisha uzito kutoka kwa baba kwenda kwa mama. Waliuliza jinsi mwanamume wa tamthilia hizi anavyojitahidi kujitenga na mwili wa kike uliomzaa na kumnyonyesha. Usomaji wa Adelman juu ya Macbeth na Coriolanus una nguvu kubwa, na hakuna sababu ya kuutupa.

Hata hivyo usomaji wa Freud mwenyewe una msingi unaohitaji kuangaliwa. Unachukulia kwamba nafsi ya kweli imefichwa ndani, kwamba iliundwa utotoni katika nyumba ya baba, mama na mtoto, na kwamba maneno ya mhusika juu ya mwili wake ni mafumbo ya jambo jingine. Mhusika akisema damu, msomaji anatakiwa aelewe hofu. Akisema maziwa, aelewe huruma. Lakini kwa watazamaji wa London damu ilikuwa damu. Mfano mzuri ni Mfalme Lear. Anapoona amedharauliwa na binti zake, anahisi kwamba ugonjwa wa tumbo la uzazi unapanda kuelekea moyoni mwake, na kuuita kwa jina lake la kitabibu. Ugonjwa huo uliandikiwa kitabu na tabibu Edward Jorden mwaka 1603, miaka michache kabla ya tamthilia hiyo. Mfalme mzee anaugua ugonjwa wa wanawake, na wala hasemi kwa mafumbo. Katika elimunafsi ya shina moja, mwanamume aliyepoteza mamlaka anaweza kuhisi kiambishi chake kikiteleza.

4. Jeraha la Portia mke wa Brutus

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Bungoma unapatikana katika Juliasi Kaizari. Brutus ameficha siri ya njama dhidi ya Kaizari. Mkewe Portia anadai aambiwe. Anataja kwanza haki yake ya ndoa, kisha nasaba yake kama binti wa Cato, na mwishoni anamwonyesha mumewe jeraha alilojitia mwenyewe katika paja. Aliyestahimili jeraha hilo kimya, anauliza, atashindwaje kutunza siri za mumewe?

Mhakiki wa mkondo wa Freud huelekea kuliona jeraha hili kama dalili ya tamaa iliyofichwa ya kuwa na kile alichonacho mwanamume. Gail Kern Paster, ambaye katika miaka ya 1980 na 1990 alichunguza damu na jinsia katika tamthilia hizi, alilisoma kwa njia nyingine. Mwili wa mwanamke katika elimu ya maji manne ulisemwa kuwa mwili unaovuja: hauwezi kuzuia damu, machozi wala maneno. Portia anachagua wapi na lini damu itoke. Anageuza kuvuja kuwa kustahimili.

Katika Kaunti ya Bungoma, na sehemu za Trans Nzoia wanakoishi Wabukusu, hoja ya Portia haihitaji kufafanuliwa kwa muda mrefu. Tohara ya wavulana hufanywa mwezi wa Agosti katika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mvulana, anayeitwa omusinde, huzunguka akicheza na kugonga njuga zake ili kuwaalika jamaa. Hupelekwa mtoni alfajiri na kupakwa matope. Hurudishwa kwa wimbo wa sioyaye. Husimama uani kwa baba yake mbele ya umati, naye omukhebi hufanya kazi yake. Hatakiwi kutikisika wala kupepesa. Baadaye hupewa mafunzo ambayo hayatolewi kwa asiyepita hapo. Jeraha lililostahimiliwa kimya ni hati ya kuaminiwa: ndivyo asemavyo Portia, na ndivyo isemavyo desturi hii.

Ulinganisho huu lazima uwekewe mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni wa nadharia. Kwa Wabukusu aliyekwisha kuvuka harudi nyuma. Omusinde akishakuwa mwanamume, ni mwanamume hata akiwa mzee asiye na nguvu. Katika tamthilia za Mwamko hali si hiyo. Romeo anahofu kwamba uzuri wa Juliet umemlainisha na kumfanya wa kike. Antony anasemwa kuwa hana uume kuliko Cleopatra. Uume wa London ulikuwa kama moto wa jikoni, wa kuchochewa kila siku usije ukazimika.

Mpaka wa pili ni wa malezi, nao ni mzito zaidi. Wabukusu hawatahiri wasichana, lakini katika baadhi ya jamii zilizo jirani na Kitale, kama Wasabaoti na Wapokoti, ukeketaji ulikuwa sehemu ya jando la wasichana, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeukataza kabisa. Darasani Kitale anaweza kuwapo msichana ambaye ameambiwa na watu wake kwamba kisu ndicho kitakachomfanya aaminiwe. Mwalimu akilisifu jeraha la Portia kama ushujaa mtupu, atakuwa amesema jambo ambalo tamthilia yenyewe inalikanusha. Brutus anasifu uthabiti wa mkewe na kumwahidi kumwambia yote. Lakini asubuhi ya mauaji tunamwona Portia akihangaika mlangoni, akikiri kwamba ana akili ya kiume na nguvu za kike, na jinsi ilivyo vigumu kwa mwanamke kutunza siri. Anakufa peke yake kwa kumeza moto. Jeraha halikumpa alichokitafuta. Lilionyesha tu kwamba katika Roma ile mwanamke alikuwa hana njia ya kuaminiwa isipokuwa kwa kujipima kwa kipimo cha wanaume, na hata alipokifikia kipimo hakikumwokoa.

5. Dua ya mke wa Macbeth, na maneno uke na uume

Mke wa Macbeth anapopata habari kwamba mfalme atalala nyumbani kwake, anawaita pepo wamwondolee hali yake ya kike. Anawaomba waifanye nzito damu yake, wazibe njia ambazo majuto hupitia, na wachukue maziwa ya matiti yake badala ya nyongo. Kwa elimu ya maji manne hii ni kama orodha ya dawa. Damu ikiwa nzito na njia zikizibwa, hedhi hukoma. Hedhi ikikoma, unyevu wa kike hupungua. Maziwa, ambayo yalidhaniwa kuwa damu iliyopikwa ikawa nyeupe, hugeuka nyongo, maji ya moto na makavu. Anaomba kubadilishwa nafsi kwa njia pekee iliyojulikana, yaani kubadilishwa mwili.

Hapa mfasiri wa Kiswahili hukutana na tatizo ambalo pia ni hazina. Neno uke lina maana ya hali ya kuwa mwanamke, na pia ni jina la kiungo chake cha uzazi. Uume ni ujasiri, hali ya kuwa mwanamume, na kiungo. Wengine huyakwepa maneno haya kwa ajili ya adabu, wakatumia uanamke na uanaume, au jinsia. Adabu ni jambo la kuheshimiwa, lakini inafaa ieleweke kwamba uchaguzi huo una gharama. Neno jinsia, jinsi linavyotumiwa katika semina na maandishi ya serikali, limechukua kazi ya kutaja nafasi ya mtu katika jamii, mbali na mwili wake. Uke na uume havijafanya utengano huo. Kwa hiyo maneno ya kale ya Kiswahili yako karibu zaidi na fikra za mwaka 1606 kuliko istilahi mpya, na karibu zaidi kuliko Kiingereza cha sasa.

Kitenzi nacho ni nadharia. Mfasiri akiandika nivueni uke, ameufanya uke kuwa vazi. Huo ni mtazamo wa jukwaa, ambamo mvulana huvaa na kuvua. Akiandika ng'oeni uke wangu, ameufanya kuwa kiungo chenye mizizi. Huo ni mtazamo wa tabibu. Akiandika nisahaulisheni kuwa ni mwanamke, ameufanya kuwa wazo lililomo kichwani. Huo ni mtazamo wa karne ya 20. Kila kimoja ni Kiswahili safi, lakini kinamtoa mke wa Macbeth tofauti. Mwanafunzi anaweza kupewa zoezi la kuchagua kitenzi na kutetea chaguo lake. Katika zoezi hilo atajifunza elimunafsi ya tamthilia zaidi ya atakavyojifunza kwa kukariri jina la Freud.

6. Mavazi, viambishi na ndoa katika Mabepari wa Venisi

Katika Mabepari wa Venisi, Portia wa Belmont anavaa nguo za mwanasheria, anakwenda mahakamani, na kumwokoa Antonio. Wapinzani wa tamthilia waliyaogopa mambo kama haya. Philip Stubbes, mwaka 1583, alidai kwamba vazi ni alama ya kutambulisha jinsi, na kwamba avaaye la mwenzake huiharibu asili yake mwenyewe. Hofu hiyo ina maana ndani ya nadharia ya shina moja tu. Kama mwili ni imara, vazi haliwezi kuudhuru.

Kiingereza huonyesha ujanja wa Portia kwa kiwakilishi. Kila Mtawala wa Venisi au Shylock anapomtaja kwa kiwakilishi cha kiume, mtazamaji anajua kwamba amekosea. Katika Kiswahili kiambishi a- hakina mume wala mke. Wote mahakamani wanaweza kusema amefika, anajua sheria, ametuokoa, na kila sentensi ikawa kweli. Si haki kusema kwamba tafsiri imepoteza kejeli, imeihamisha. Mzigo wote wa kujificha unaangukia majina ya heshima: bwana, kijana, mwanasheria. Mfasiri mwangalifu atayapanga maneno haya kama Mbukusu anavyozipanga silabi za Wa- na Na-, kwa kuwa ndiyo pekee yaliyobaki kuwa kiambishi.

Mahali Kiswahili kinapotofautisha mume na mke kwa ukali ni katika kauli za kitenzi cha ndoa: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Uke hapa ni kauli ya kutendwa. Lakini Portia, baada ya kumkabidhi Bassanio nyumba, watumishi na nafsi yake pamoja na pete, anaitwaa pete hiyo kwa ujanja akiwa mwanasheria, kisha anairudisha kwa masharti yake. Amekwenda Venisi akiwa ameolewa, na amerudi Belmont akiwa karibu na kuoa.

Wanandi wana mfano wa kanuni hiyo katika maisha halisi. Mwanamke mwenye mali asiye na mtoto wa kiume wa kumrithi anaweza kumwoa mwanamke mwingine, na watoto watakaozaliwa wakawa warithi wa nyumba yake. Regina Smith Oboler aliyechunguza ndoa hizi alieleza katika makala yake ya mwaka 1980 kwamba jamii humhesabu mwoaji huyo kuwa mwanamume, ingawa katika shughuli za kila siku mwenendo wake haubadiliki sana. Kwamba msingi wa ndoa ni urithi. Na kwamba hakuna mapenzi ya kimwili kati ya wawili hao. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya namna hii katika shauri la mirathi. Kwa Kiswahili, mama huyo ameoa, na kauli ya kutenda imempa uume wa kisheria bila kuugusa mwili wake. A. C. Hollis naye, katika kitabu chake cha mwaka 1909, aliandika kwamba wavulana wa Kinandi walivalishwa nguo na mapambo ya wasichana kabla ya kutahiriwa. Kwa hiyo msomaji wa Kitale ana mifano miwili tofauti: vazi la kuvuka nalo, ambalo huvuliwa safari ikiisha, na hadhi ya kudumu, itolewayo kwa ajili ya mali. Vazi la Portia ni la kwanza kwa sura, na la pili kwa matokeo.

7. Neno mpenzi

Mabepari wa Venisi yanaanza kwa huzuni ya Antonio, ambayo mwenyewe hawezi kuieleza. Mwishoni anabaki peke yake huku wengine wakiwa wawili wawili. Wahakiki wengi wa nusu ya pili ya karne ya 20 waliieleza huzuni hiyo kwa mapenzi yake kwa Bassanio. Alan Bray, mwaka 1982, alitoa tahadhari muhimu: Uingereza ya wakati ule ilikuwa na sheria kali dhidi ya matendo fulani, lakini haikuwa na dhana ya mtu ambaye nafsi yake nzima huainishwa kwa namna ya mapenzi yake. Wanaume marafiki walilala kitanda kimoja, walikumbatiana na kuandikiana maneno ya mahaba hadharani, na hayo yalikuwa heshima. Katika tamthilia hiyo Portia mwenyewe anamtaja Antonio kuwa mpenzi wa mumewe, bila wivu katika sauti yake.

Kiswahili kimepitia mabadiliko kama hayo. Ndugu mpenzi na rafiki mpenzi ni maneno ya kawaida katika barua za watu wa makamo, lakini kwa vijana neno mpenzi limebanwa likabaki na maana ya mchumba. Shoga, ambalo kwa wanawake wa pwani ni jina la rafiki wa kike, limepata maana nyingine kabisa, hata mfasiri wa leo hawezi kumwita Celia shoga wa Rosalind bila darasa la bara kuangua kicheko. Kicheko hicho ni fursa ya kufundisha. Mwalimu anaweza kuonyesha kwamba neno limesogea, kwamba watu waliolitumia zamani hawakuwa wajinga wala hawakuficha kitu, na kwamba kumwekea Antonio jina la leo, liwe la kumsifu au la kumlaani, ni kumnyang'anya lugha yake. Haina maana kwamba mapenzi ya Antonio hayakuwa makubwa. Anakubali kukatwa nyama ya kifua chake kwa ajili ya rafiki. Tamthilia haina kipimo kikubwa kuliko hicho.

8. Hitimisho

Maelezo haya yanaongoza kwenye mapendekezo matatu kwa wafasiri na walimu wa fasihi. La kwanza ni kwamba elimunafsi ya maji manne ifundishwe kabla ya Freud, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa vichwani mwa waandishi na watazamaji, na kwa kuwa Kiswahili kimehifadhi msamiati wake. Freud na Adelman wafuate, kama wasomaji wa tamthilia, bila kufanywa ufunguo wake pekee. La pili ni kwamba maneno uke, uume, nyongo, ini na mpenzi yachunguzwe kwa historia yake kabla ya kubadilishwa na istilahi za semina. La tatu ni kwamba desturi za Bungoma na Trans Nzoia zitumiwe kama darubini ya kuonea, zenyewe nazo zikiwa chini ya uchunguzi. Mvulana aliyetoka kusimama uani Agosti iliyopita anaweza kuelewa jeraha la Portia haraka kuliko profesa wa London. Lakini ni msichana aliyeketi dawati la pili atakayeuliza kwa nini Portia alihitaji jeraha hata asikilizwe. Mwalimu atakayelijibu swali hilo kwa uangalifu, akiwa na matini mkononi, atakuwa ameifundisha tamthilia yenyewe, kwa maana Portia alikuwa tayari ameuliza jambo hilo hilo kabla hajamwonyesha mumewe damu.